Bromidi ileile, mirija miwili, majibu mawili

Swali la msomaji, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kemia, Lubumbashi:

"Jambo mwalimu. Katika TP (mazoezi ya labo) tulipewa bromidi tatu: 1-bromobutani, 2-bromobutani na 2-bromo-2-methilipropani. Tulipozitia kwenye iodidi ya sodiamu ndani ya asetoni, ile ya kwanza ndiyo iliyotangulia kutoa mashapo meupe, na ile ya tatu haikufanya kitu. Tulipozitia kwenye nitrati ya fedha ndani ya ethanoli, ile ya tatu ilitoa mashapo palepale, ile ya kwanza ikabaki maji safi. Mwenzangu anasema mrija mmoja ulikuwa mchafu, kwa sababu haiwezekani molekuli moja itangulie huku na iwe ya mwisho kule. Tena nilikariri lile jedwali: daraja la kwanza ni SN2, daraja la tatu ni SN1. Kwenye mtihani walileta 1-bromo-2,2-dimethilipropani, kloridi ya benzili na klorobenzeni, na zote tatu nilikosa. Nifanye nini na jedwali hili, na je, haya yana kazi yoyote nje ya mtihani? Aksanti."

Jambo mdogo wangu. Mirija yote miwili ilikuwa safi, na mlichokiona ndicho kinachopaswa kuonekana. Andikeni matokeo yenu kwenye ripoti kama yalivyo, wala msiyarekebishe ili yafanane.

Kasoro iko kwenye jedwali, au tuseme kwenye namna linavyofundishwa. Linakufanya uamini kwamba daraja la kaboni, yaani idadi ya kaboni nyingine zilizoshikamana nayo, ndilo linaloamua. Yanayoamua ni mambo mawili kuhusu kaboni inayobeba halojeni (florini, klorini, bromini au iodini). Je, upande wake wa nyuma una nafasi ya kuingiwa? Na je, halojeni ikiondoka na kuiacha peke yake, kaboni hiyo inaweza kustahimili chaji chanya? Mara nyingi kaboni ya daraja la kwanza ina nafasi lakini haistahimili chaji, na ya daraja la tatu inastahimili chaji lakini haina nafasi, ndiyo maana jedwali linaonekana kuwa la kweli. Aliyetunga mtihani wenu alijua anachofanya: 1-bromo-2,2-dimethilipropani ni ya daraja la kwanza na inakosa yote mawili, kloridi ya benzili nayo ni ya daraja la kwanza na inayo yote mawili, klorobenzeni haimo kabisa ndani ya jedwali.

Tuanze na mrija wa iodidi. Ioni ya iodidi ina jozi za elektroni za kutoa na inatafuta kaboni yenye upungufu. Kitu cha namna hiyo tunakiita nyukliofili. Kaboni iliyoshikwa na bromini ina upungufu huo, kwa sababu bromini inavuta elektroni za kifungo upande wake. Iodidi haiwezi kuingia kutoka upande wa bromini, kwa kuwa upande huo umejaa elektroni. Inaingia kutoka nyuma, kwenye mstari mmoja na kifungo kinachovunjika, na kadiri kifungo kipya kinavyojengeka ndivyo kile cha zamani kinavyolegea. Yote yanatokea katika hatua moja. Kwa sababu molekuli zote mbili zinahitajika katika hatua hiyo, ukizidisha iodidi mara mbili kasi nayo inazidi mara mbili, na ukizidisha bromidi mara mbili vilevile. Hiyo ndiyo SN2, aina ya ubadilishaji unaofanywa na nyukliofili. Tarakimu 2 inahesabu chembe zinazokutana katika hatua inayoamua kasi, haihesabu hatua. Wanafunzi wengi wanaigeuza, wakaandika kwamba SN2 ina hatua mbili na SN1 hatua moja, kumbe ukweli ni kinyume chake.

Mashapo meupe mliyoyaona ni bromidi ya sodiamu. Iodidi ya sodiamu inayeyuka vizuri katika asetoni, lakini bromidi na kloridi za sodiamu hazipendi asetoni, hivyo zinaanguka mara tu zinapozaliwa. Hans Finkelstein aliueleza mmenyuko huu mwaka 1910, na bado ni njia nzuri ya kutengeneza iodidi, kwa sababu kila bromidi inayoanguka chini haina tena nafasi ya kurudi na kugeuza mmenyuko nyuma.

Sasa nafasi ya nyuma. Hapa namba zinasema vizuri kuliko maelezo. Tukichukua kasi ya SN2 ya halidi ya ethili kuwa 1, ya methili inakuwa karibu 30, ya isopropili karibu 0.025, na ya daraja la tatu ni ndogo mno kiasi kwamba haipimiki kwa njia hii. Kila hidrojeni unayoiondoa kwenye kaboni na kuweka methili mahali pake inaziba sehemu ya njia ambayo iodidi ingepitia. Ile 2-bromo-2-methilipropani yenu ina methili tatu zilizoizunguka kaboni. Iodidi inagonga, haiingii. Ndiyo maana mrija ulibaki safi.

Ushahidi kwamba nyukliofili inaingia kutoka nyuma haukutokana na michoro ya vitabu. Mwaka 1896 Paul Walden, akifanya kazi Riga, alichukua asidi ya maliki inayopindua mwanga wa polari kushoto, akaigeuza kuwa asidi ya klorosuksini, kisha akairudisha kuwa asidi ya maliki kwa oksidi ya fedha. Alipata asidi ileile ikipindua mwanga kulia. Mahali fulani katika safari hiyo molekuli ilikuwa imepinduka na kuwa taswira yake ya kwenye kioo, na kwa karibu miaka 40 wanakemia walibishana ni hatua gani iliyoipindua. Jibu lilikuja mwaka 1935 kutoka kwa Edward Hughes na wenzake huko London. Walichukua 2-iodooktani ya upande mmoja tu, yaani umbo moja bila taswira yake ya kwenye kioo, wakaiweka katika asetoni pamoja na iodidi yenye iodini ya mnururisho. Kwa mnururisho waliweza kupima jinsi iodini mpya inavyoingia. Kwa mwanga wa polari waliweza kupima jinsi upinduaji wa mwanga unavyopungua. Upinduaji wa mwanga ulipungua kwa kasi maradufu ya ile ya iodini kuingia.

Simama hapo kidogo na ufikiri, kwa sababu jaribio hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Molekuli moja ikipinduka, athari yake inafuta athari ya molekuli nyingine moja ambayo bado haijaguswa. Kwa hiyo mabadilishano moja yanaondoa upinduaji wa mwanga wa molekuli mbili. Kasi maradufu maana yake ni kwamba kila iodini iliyoingia, bila kuacha hata moja, ilipindua molekuli yake. Na njia pekee ya kupindua kila mara ni kuingia kutoka nyuma kila mara. Hawakuiona molekuli hata moja. Walilinganisha kasi mbili tu.

Mrija wa pili unauliza jambo jingine kabisa. Nitrati ni nyukliofili dhaifu mno, na ethanoli si hodari sana, kwa hiyo hakuna wa kusukuma kutoka nyuma. Badala yake kuna ioni ya fedha, ambayo inaishika bromini na kuivuta itoke. Kaboni inabaki na chaji chanya, yaani inakuwa kabokationi. Kabokationi ya daraja la tatu inastahimili, kwa sababu elektroni za vifungo vya C–H vya methili zilizo jirani zinaegemea upande wake na kuigawanya chaji ile. Ya daraja la kwanza kama butili haina jirani wa kutosha, na gharama ya kuifikia ni kubwa mno. Ndiyo maana 2-bromo-2-methilipropani ilitoa mashapo ya bromidi ya fedha palepale, na 1-bromobutani ikatulia. Baada ya bromini kutoka, ethanoli iliyo pembeni inaungana na kabokationi na kutoa etha, na sehemu fulani inapoteza protoni na kuwa alkeni (molekuli yenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili), methilipropeni.

Katika njia hii, SN1, hatua ngumu ni ile ya kuvunja kifungo, na nyukliofili haihusiki nayo. Ndiyo maana kuiongeza hakubadilishi kasi. Umewahi kuona foleni ya malori ya shaba kwenye mpaka wa Kasumbalesa: ukiongeza watu wa kuyapokea upande wa Zambia, foleni haisogei haraka zaidi, kwa sababu kinachochelewesha kiko upande huu. Hughes na Christopher Ingold waliona jambo hilohilo katika miaka ya 1930 walipopima hidrolisisi (mvunjiko kwa maji) ya halidi za butili ya daraja la tatu: waliongeza haidroksidi, kasi haikubadilika. Ni kutokana na vipimo vya namna hiyo walivyobuni alama SN1 na SN2.

Umbo nalo linatoa ushahidi. Kabokationi ni bapa, kwa hiyo nyukliofili inaweza kuiingia kutoka upande wowote, na ukianza na molekuli ya upande mmoja unapata mchanganyiko wa pande mbili. Vitabu vingi vinaandika nusu kwa nusu. Labo mara nyingi hutoa zaidi kidogo ya ile iliyopinduka, kwa sababu halojeni inayoondoka haiendi mbali mara moja. Inabaki jirani kama jozi ya ioni na kuuziba upande wake kwa muda. Saul Winstein wa Los Angeles alifanya kazi kubwa kuhusu jozi hizi. Ukiulizwa, andika "karibu nusu kwa nusu, iliyopinduka ikizidi kidogo", na umesema kweli kuliko jedwali.

Sasa mbili kati ya zile tatu za mtihani zinafunguka zenyewe.

1-bromo-2,2-dimethilipropani: kaboni yenye bromini ni CH2, kweli ni ya daraja la kwanza. Lakini iangalie kaboni iliyo jirani yake: ina methili tatu. Methili hizo zinafunika mgongo wa CH2 namna ambayo, utakavyoizungusha molekuli, kuna moja itakayokaa njiani. Kasi yake ya SN2 ni karibu 0.00001 ukilinganisha na 1 ya ethili, mara 100,000 polepole zaidi, ingawa daraja ni lilelile. Je, ipite njia ya SN1? Ingelazimika kutengeneza kabokationi ya daraja la kwanza, jambo ambalo haliko tayari kulifanya. Ukiilazimisha kwa ioni za fedha na joto, wakati bromini inatoka methili moja inahama kutoka kaboni jirani ikiwa na elektroni zake, na chaji inaangukia kwenye kaboni ya daraja la tatu. Kwa hiyo utapata zao la 2-methilibutani, mifupa ya molekuli ikiwa imebadilika. Mwanafunzi anayeandika tu "daraja la kwanza, SN2, haraka" anakosa mara mbili katika mstari mmoja.

Kloridi ya benzili ni kinyume. Nayo ni CH2 yenye halojeni, lakini jirani yake ni pete ya benzeni, ambayo ni bapa na haizibi mgongo. Zaidi ya hapo, katika kilele cha SN2 elektroni za pete zinasaidia kushikilia kaboni iliyobanwa kati ya wawili. Kwa kipimo kilekile ambacho ethili ni 1, benzili ni karibu 120, na alili, yenye kifungo maradufu jirani, ni karibu 40. Halojeni ikiondoka kabla, pete inaipokea chaji chanya na kuisambaza hadi kwenye kaboni zake tatu. Kwa hiyo benzili inaweza njia zote mbili, na kiyeyushi pamoja na nyukliofili ndivyo vinavyochagua. Iodidi katika asetoni: SN2. Maji moto bila nyukliofili kali: inaelekea SN1.

Kiyeyushi kinastahili maneno zaidi kuliko kinavyopewa darasani. Nyukliofili kama kloridi ikiwa katika methanoli inazungukwa na molekuli za methanoli zinazoishika kwa vifungo vya hidrojeni, na kabla ya kushambulia lazima ijivue hizo kwanza. Katika dimethiliformamidi, kiyeyushi kingine, hakuna hidrojeni za kuishika. Chaji chanya ya sodiamu inazungukwa, kloridi inabaki wazi. Mmenyuko wa iodidi ya methili na kloridi unakwenda zaidi ya mara milioni moja haraka katika dimethiliformamidi kuliko katika methanoli. Molekuli ni zilezile, joto ni lilelile. Upande wa SN1 mambo yanageuka: hapo ioni zinazozaliwa ndizo zinazohitaji kushikwa, na maji ni bingwa wa kazi hiyo. Kloridi ya butili ya daraja la tatu inavunjika katika maji takribani mara 300,000 haraka kuliko katika ethanoli tupu. Asetoni yenu ilikuwa nzuri kwa iodidi na mbaya kwa ioni. Ethanoli yenye fedha ilikuwa kinyume. Mirija ilichaguliwa hivyo kwa makusudi, kila mmoja ukifungua mlango wa njia moja na kufunga wa nyingine.

Hapa niweke neno la sisi tulio Lubumbashi. Maelekezo ya TP huandikwa kwa joto la nyuzi 25: bromidi ya daraja la kwanza itoe mashapo ndani ya dakika 3, zile za polepole zipashwe hadi nyuzi 50. Asubuhi ya mwezi wa 6 au wa 7 labo yetu iko chini ya 25 kwa mbali, na kwa kadirio la kawaida kasi inapungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Mrija "usiofanya kitu" ndani ya dakika 3 huenda ni baridi tu. Tumbukizeni mirija yote katika bafu la maji lenye kipimajoto kabla ya kuchanganya. Na mnapopasha, kumbukeni kwamba mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hivyo asetoni inachemka karibu na nyuzi 52, si 56 kama inavyoandikwa kitabuni. Ukiweka bafu kwenye 50 uko ukingoni. Asetoni ikikauka, iodidi ya sodiamu yenyewe itaanguka, nawe utaandika kwamba umeona mashapo ya bromidi. Fungeni mirija na msiache bila kuangalia, tena mbali na moto.

2-bromobutani haina jibu moja, na anayekuuliza "ni SN1 au SN2?" bila kukupa nyukliofili na kiyeyushi amekuuliza nusu ya swali. Ipe ioni ya iodidi au ioni ya azidi katika asetoni, itakwenda SN2 polepole na umbo litapinduka. Ipe maji na ethanoli bila besi (kitu kinachonyofoa protoni), utaona mchanganyiko. Ipe ethoksidi katika ethanoli, na hapo jambo la tatu linatawala: besi kali haina haja ya kupambana na mgongo uliozibwa nusu wakati hidrojeni za pembeni ziko wazi. Inanyofoa hidrojeni, bromini inatoka, alkeni inabaki. Kwa 2-bromopropani na ethoksidi katika nyuzi 55, takribani asilimia 80 ya zao ni propeni na etha ni ile iliyobaki. Bromidi ya daraja la tatu na besi kali ni alkeni karibu tupu. Kwa hiyo usiandike SN1 kwa "2-bromo-2-methilipropani na haidroksidi ya potasiamu katika ethanoli moto", ingawa jedwali linakuvuta huko.

Kundi linaloondoka, yaani lile linaloachana na kaboni, sitalikalia sana: kadiri asidi yake ilivyo kali, ndivyo linavyoondoka kwa urahisi. Iodidi inaondoka vizuri, kisha bromidi, kisha kloridi, na floridi karibu haiondoki. Haidroksidi haiondoki yenyewe hata kidogo, ndiyo maana alkoholi inahitaji asidi kwanza ili iondoke kama maji. Mkitikisa alkoholi ya butili ya daraja la tatu na asidi ya haidrokloriki kali katika faneli ya kutenganishia mnapata kloridi yake kwa joto la kawaida, SN1 safi. 1-butanoli katika hali hiyohiyo inabaki kama ilivyo.

Uliniandikia mwishoni kama haya yana kazi nje ya mtihani. Katanga ni mahali pabaya pa kuuliza swali hilo, kwa sababu sehemu ya shaba yetu inapita juu yake. Madini ya sulfidi yakisagwa yanatiwa ndani ya matangi yenye maji na mapovu, na chembe za shaba zinapanda juu zikishikiliwa na povu. Kinachozifanya zishikamane na povu ni kikusanyaji, na maarufu kuliko vyote ni zanthati, ile unga ya rangi ya njano yenye harufu kali. Mdenmaki William Christopher Zeise alizieleza zanthati katika miaka ya 1820, na mwaka 1925 Cornelius Keller alipata hataza Marekani ya kuzitumia kuelesha madini. Alkoholi na haidroksidi ya potasiamu au ya sodiamu vinatoa alkoksidi; oksijeni yake inaishambulia kaboni ya disulfidi ya kaboni. Hapo hakuna kinachoondoka, kwa hiyo ni kujumlisha, si kubadilisha. Lakini zao lina sulfuri mbili zinazogawana chaji hasi, na sulfuri ni nyukliofili hodari: kubwa, wingu lake la elektroni ni laini, na haishikwi sana na maji.

Ukiitia zanthati kloridi ya alili, sulfuri inaingia SN2, kloridi inaondoka, unapata esta ya zanthati, kikusanyaji kingine kinachostahimili asidi kuliko zanthati yenyewe. Ukiitia zanthati ya isopropili ya sodiamu kloroasetati ya sodiamu, sulfuri inaishambulia ile CH2 yenye klorini. Itazame kwa macho ya maswali yetu mawili: mgongo uko wazi, kwa hiyo SN2 inapita, kabonili (kaboni yenye kifungo maradufu na oksijeni) iliyo jirani ingeichukia chaji chanya, kwa hiyo SN1 imefungwa. Kisha ethilamini inaingia kwenye kaboni yenye sulfuri na kulitoa kundi lile, na matokeo yake ni thionokabamati, kikusanyaji kinachochagua sulfidi za shaba na kuiacha pairiti (sulfidi ya chuma) nyuma. Ukifanya stage (mafunzo ya kazi) kwenye kiwanda cha kuelesha madini, omba kusoma karatasi za vikusanyaji wanavyotumia. Utaweza kuchora namna vilivyotengenezwa.

Imebaki klorobenzeni. Mgongo wa kaboni yake uko ndani ya pete, hakuna wa kuingia kutoka huko. Kuondoka kwa klorini kungeacha chaji chanya katika obiti ambayo pete haiwezi kuisaidia. Maswali yote mawili yanajibu hapana, na kweli ili kuigeuza kuwa fenoli kwa haidroksidi ya sodiamu viwanda vilihitaji nyuzi 350 hivi na shinikizo kubwa. Kama jibu la mtihani lilikuwa "haimenyuki katika hali hizi", hilo ndilo.

Lakini ipo njia ya tatu, na inafungua klorini za pete endapo pete ina mahali pa kuweka chaji hasi. Nyukliofili inaingia kwanza kutoka juu ya pete, kaboni inabeba wote wawili kwa muda, kisha klorini inatoka. Jakob Meisenheimer alitoa ushahidi wa kiunga hicho cha katikati mwaka 1902. Katika njia hii floridi, ile isiyoondoka, inakuwa ya haraka kuliko zote, kwa sababu hatua ngumu ni kuingia, na florini inaifanya kaboni iwe na njaa zaidi ya elektroni. Mwanabiokemia Frederick Sanger alitumia floridi ya namna hiyo yenye nitro mbili kuweka alama kwenye insulini.

Mfano ulio karibu na nyumba zetu ni amodiakwini, inayotolewa pamoja na artesunati kwa malaria katika vituo vya afya vya nchi yetu. Inatengenezwa kutoka 4,7-diklorokwinolini, molekuli yenye klorini mbili. Amini inaing'oa ile ya nafasi ya 4 tu, kwa sababu kutoka hapo chaji hasi inaweza kufika hadi kwenye nitrojeni ya pete. Kutoka nafasi ya 7 haifiki hivyo kwa urahisi. Klorini ya 7 inabaki, na ukisoma muundo wa dawa utaiona bado iko pale. Klorokwini nayo ni vivyo hivyo.

Mkipewa ruhusa ya kurudia TP, ombeni muongeze kloridi ya benzili, na muipime katika mirija yote miwili. Inapaswa kutoa mashapo kwa iodidi na kwa fedha pia, na mwenzako ataona kwa macho yake molekuli ya daraja la kwanza ikishinda kote. Fanyeni kazi hiyo chini ya kabati la kuvuta hewa, mkiwa na glavu na miwani. Mvuke wake unachoma macho hadi machozi, kwa SN2 hiyohiyo: nyukliofili ni sulfuri za protini zilizo kwenye neva za jicho, mgongo wa CH2 uko wazi, na kloridi inaondoka. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Yatieni katika chupa ya taka zenye halojeni, na kama labo haina chupa hiyo, mwombeni msimamizi aiweke kabla hamjaanza.